Jinsi ya Kupata Asali na Mzalishaji kwa Ajili ya Chapa Yako ya Mtandaoni

Anayetaka kuuza mtandaoni, kwa chapa yake mwenyewe, bidhaa inayozalishwa na wengine, mara nyingi huanza kwa kubuni nembo na kuchapisha lebo, ilhali hayo ndiyo ya kushughulikiwa mwishoni. Nitachukua mfano wa asali ya misitu ya miombo ya Tabora, kwa sababu haiharibiki upesi na husafirishwa kwa basi bila jokofu. Ubaya wake ni kwamba huchakachuliwa kirahisi, na mteja aliyeuziwa sukari hatamlaumu mfugaji nyuki wa Sikonge asiyemjua, bali jina aliloliona kwenye chupa.

Katika kutafuta mzalishaji, anza na afisa nyuki wa wilaya, ambaye huvijua vikundi vya wafugaji vilivyopo na anaweza kukutajia nani ana mizinga na nani ni dalali tu. Dalali naye si wa kukimbiwa, maana pengine ndiye mwenye ndoo za kutosha, mradi akueleze asali imetoka kijiji gani na imerinwa lini.

Ukishapata wawili au watatu, nunua ndoo moja kwa kila mmoja na uipime kwa mizani. Lita moja ya asali ina uzito wa takribani kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 iliyojaa inapaswa kukaribia kilo 28, ukiondoa uzito wa ndoo yenyewe. Ukikuta kilo 25, ama haikujaa, ama kuna maji ndani yake. Kwa sababu hiyo, kubalianeni bei kwa kilo, si kwa ndoo. Pima pia unyevu kwa refraktometa ya asali, yaani kifaa kidogo kinachoonyesha kiasi cha maji: Codex, yaani kiwango cha kimataifa cha vyakula, hakiruhusu uzidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida, na asali yenye maji mengi huchacha. Shehena yangu ya kwanza ilitoa povu ikiwa tayari kwenye chupa zenye lebo, kwa kuwa niliridhika na jaribio la njiti ya kiberiti, la kuichovya katika asali na kuona kama itawaka, ambalo halithibitishi lolote. Sukari iliyoongezwa kwa ustadi hugunduliwa maabara tu. Asali kuganda, kwa upande mwingine, si kasoro, na mteja aelezwe hivyo mapema.

Kwa upande wa sheria, fuatilia TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kuhusu usajili wa jengo la kufungashia na ubora wa bidhaa. Fahamu pia kwamba kusajili jina la biashara BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) hakulindi chapa. Alama ya biashara husajiliwa kivyake, na usajili huo ni wa Tanzania Bara pekee, kwa hiyo anayelenga soko la Zanzibar atasajili upya huko.

Hapo ndipo lebo ichapishwe, ikiwa na namba ya shehena, na chupa moja ya kila shehena ibaki kabatini bila kufunguliwa, ili mteja akilalamika uwe na cha kulinganisha kabla ya kumpigia mzalishaji.