Wimbo wa Sikukuu kwa Msanii wa Kusini Asiye na Lebo

Msanii anayejitegemea hushindana kila wiki na nyimbo mpya zinazotoka Dar es Salaam, na mara nyingi wimbo wake husahaulika kabla haujafika hata Masasi. Wimbo wa sikukuu una bahati ya pekee, kwa kuwa kila mwaka tarehe ikirudi watu huutafuta tena. Wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey, uliotoka mwaka 1994, ulishika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani mwezi Desemba 2019, miaka 25 baadaye. Si lazima msanii wa Mtwara au Lindi afike huko ndipo anufaike.

Kabla ya kuingia studio, tazama msimu wa fedha wa eneo lako. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo huwafikia wakulima katika miezi ya mwisho ya mwaka, hivyo Krismasi na Mwaka Mpya huwakuta watu wengi wa Tandahimba, Newala na Masasi wakiwa na uwezo wa kulipia shoo, sherehe na matangazo. Faida kubwa iko hapo. Mapato ya kusikilizwa mtandaoni ni madogo kwa msanii mchanga, na nisingemshauri mtu akope fedha za studio kwa kuyategemea hayo peke yake. Auchukulie wimbo kama tangazo la kumwitia kazi za jukwaani. Mwezi wa nane nao una Nanenane katika viwanja vya Ngongo, Lindi, ingawa wimbo wa kilimo unataka ubunifu zaidi ili usisikike kama hotuba ya mgeni rasmi.

Kwa wasanii wa mwambao, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, Idd ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Wimbo unaozungumzia furaha, nguo mpya, watoto na kutembeleana, bila kutaja mfungo wala kuchinja, utafaa Idd el Fitri na utafaa tena Idd el Hajj, takribani siku 70 baadaye. Kumbuka kwamba sikukuu hizi huwahi kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haitakusaidia kupanga. Wimbo wa kucheza usiutoe katikati ya Ramadhani, kwani utawaudhi watu wale wale unaotaka wakualike. Uwe tayari mapema, kisha uusambaze mwezi unapoandama.

Katika mashairi, usitaje mwaka. Mstari mmoja unaosema "Krismasi ya 2025 imefika" unatosha kuufanya wimbo uchakae ifikapo Januari. Jina la mtaa au la wilaya, kinyume chake, halichakai, na mdundo wa sindimba uliopigwa vizuri humfanya msikilizaji ajue mara moja kwamba wimbo umetoka kusini. Ukitaka kuimba upya wimbo wa kanisani, chunguza kwanza hakimiliki: kwa sheria ya Tanzania, haki hudumu katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na hata pale ambapo sauti ya wimbo ni ya zamani mno, tafsiri yake ya Kiswahili inaweza kuwa na mwenyewe. Kazi yako mwenyewe isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla haijaanza kuzunguka.

Wimbo wa Krismasi uwe umekwisha kurekodiwa Oktoba na utoke katikati ya Novemba. Spotify hutaka wimbo upendekezwe kwa wahariri wake, wale wanaopanga orodha za nyimbo, angalau siku 7 kabla ya kutoka, lakini msambazaji wako wa mtandaoni naye anahitaji muda wa kuufikisha huko, kwa hiyo mpelekee wiki nne kabla.

Usiwasahau wasiotumia mtandao kusikiliza muziki. Vibanda vinavyojaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi bado vina wateja, na faili lako likiitwa "track 01 final" hakuna atakayejua ni la nani. Liandike jina lako, jina la wimbo na namba ya simu, ili MC wa Nachingwea aliyeupenda aweze kukupigia. Andaa pia biti isiyo na sauti ya kuimba kwa ajili ya jukwaani, pamoja na kipande cha sekunde 30 ambacho watu watakiweka kwenye status za WhatsApp wanapotumiana salamu.

Mwisho, wafuate wafanyabiashara. Mwenye duka la vitambaa au vifaa vya ujenzi anayelipia salamu za sikukuu redioni anahitaji muziki wa kusindikiza tangazo lake, nawe unaweza kumkodishia wako. Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, utaje tarehe ya kuanza na ya kumaliza, redio zitakazotumika na malipo ya awali, na useme wazi kwamba umekodisha matumizi ya msimu huo tu, ili Desemba ijayo akitaka kuutumia tena, mkae mezani upya.