Somo: Kuchagua klima ya sanduku moja kwa jengo dogo la biashara hapa Lubumbashi

Mwezi wa pili, mvua ikinyesha karibu kila siku, niliitwa kwenye duka la dawa huku Kampemba. Mama mwenye duka alinipeleka moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma, akanipa boksi la vidonge nilishike. Karatasi yake ilikuwa imelegea kama nguo iliyoanikwa ikanyeshewa. Hewa ndani ilikuwa baridi, lakini ukutani kulikuwa na jasho na harufu ya ukungu. Nje, klima (kiyoyozi) mpya ya tani 10, yaani nguvu ya kupoza na si uzito, ilikuwa inawaka dakika nne, inazima, inawaka tena. Muuzaji alikuwa amemwambia achukue kubwa asije akajuta. Nilisikia uchungu, kwa sababu ile ilikuwa akiba yake ya miaka, na kosa halikuwa lake.

Klima hukausha hewa pale tu koili ya ndani (bomba lililokunjwakunjwa ambamo gesi ya kupoza inapita) inapokaa baridi kwa muda wa kutosha, maji yakajikusanya juu yake na kutiririka nje. Ikizima mapema, maji yaliyoshika kwenye koili yanarudi hewani. Ndiyo maana mashine iliyozidi jengo inakupa chumba baridi chenye unyevu, na kwa dawa hilo ni jambo baya.

Nazungumzia klima ya sanduku moja: kompresa (pampu inayosukuma gesi), koili mbili na feni vyote viko ndani ya sanduku la chuma linalokaa nje, na hewa inaingia ndani kwa mifereji ya bati. Mafundi wengi wanaiita rufutopu, yaani ya juu ya paa, hata ikiwa imewekwa chini uani. Inafaa jengo la mita za mraba 100 hadi 400 ambalo sehemu kubwa ni ukumbi mmoja: duka, biro (ofisi), benki ndogo, chumba cha mikutano.

Hatua ya 1. Pima jengo, na anza na paa

Hapa nitakaa kidogo, maana pesa nyingi zinapotea hapa.

Tani moja ya ubaridi ni kilowati 3.5, au BTU 12,000 kwa saa. Wauzaji wengi wanagawanya ukubwa wa sakafu kwa namba wanayoikumbuka, basi. Lakini sakafu haileti joto. Joto linaletwa na paa, vioo, watu, vyombo vya umeme na hewa ya nje.

Tuchukue lile duka: mita 12 kwa 13, yaani mita za mraba 156. Paa ni mabati, chini yake dari jembamba bila kitu katikati. Mwezi wa kumi, jua la saa nane, bati linafika nyuzi 60 na zaidi, na sisi tunataka 24 ndani. Tofauti ni nyuzi 36. Dari la namna ile linapitisha takriban wati 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi. Zidisha: 156 × 36 × 2.5, unapata kilowati 14. Tani nne nzima zinakwenda kupigana na bati tu!

Vioo vya upande wa magharibi, mita 10 za mraba bila kivuli, vinaingiza kama kilowati 5 jioni. Kuta, kilowati 2.4. Watu 18 ndani, kila mmoja kama wati 130, ni 2.3. Taa 1.2. Kompyuta na friji za dawa 2.5. Hewa safi ya nje, kama 1. Jumla inafika kilowati 28, yaani tani 8.

Sasa tandaza pamba ya kioo ya sentimita 5 juu ya dari. Zile wati 2.5 zinashuka hadi 0.6 hivi, na paa linabaki na kilowati 3.4 badala ya 14. Weka kivuli cha bati au turubai nje ya vioo, zile kilowati 5 za magharibi zinashuka hadi 2. Jumla mpya ni karibu kilowati 15. Tani 8 zimekuwa tani 4 na kidogo.

Lakini faida kubwa inaonekana msimu wa mvua. Mwezi wa pili mawingu yamefunika, bati limepoa, zile kilowati 14 hazipo tena. Mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya mwezi wa kumi inabaki kubwa mara mbili au tatu. Ukishaziba paa, mwezi wa kumi na mwezi wa pili vinakaribiana, na mashine moja inaweza kutumikia yote miwili bila kuwaka na kuzima ovyo. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: kama pesa haitoshi kwa paa na mashine, anza na paa.

Hatua ya 2. Kumbuka mji wetu uko juu

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Namba za kwenye katalogi zimepimwa pwani. Punguza nguvu ya mashine kwa asilimia 5 hivi: tani 5, ambayo ni kilowati 17.6, hapa ihesabu 16.7. Kwa duka letu la kilowati 15 inatosha.

Feni nayo lazima isukume hewa nyingi zaidi ili ibebe ubaridi uleule. Katalogi ikisema mita za ujazo 3,400 kwa saa kwa tani 5, mwambie fundi apange karibu 3,900. Kama feni inaendeshwa kwa mkanda, anarekebisha puli. Jambo hili wengi hawalifanyi, halafu koili inashika barafu na wanasema gesi imeisha.

Hatua ya 3. Soma kibati cha mashine (bati dogo lenye namba zake), kisha pima kuranti (umeme) yako

Kwenye kibati tafuta namba tatu: volti, fazi (idadi ya nyaya zinazoleta umeme), na hezi (umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde). Kwetu unataka 380 au 400, fazi 3, hezi 50. Kikisema kitu kingine, usilipe kwanza.

Kisha chukua multimita (kipimo cha umeme) na upime fazi zako tatu mchana, majirani wote wakiwa wanatumia. Wiki jana nilipata 366, 388 na 386. Wastani ni 380. Iliyo mbali zaidi na wastani imekosa volti 14, na 14 kwa 380 ni asilimia 3.7. Kikomo cha kompresa ni asilimia 2. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini tofauti ya volti ya asilimia chache inaweza kuleta tofauti ya ampea mara sita hadi kumi ya hiyo, na waya wa ndani ya mota unaungua taratibu bila mtu kujua. Fazi zikiwa hivyo, kwanza hamisha mizigo ya jengo lako kati ya fazi. Tatizo likibaki, liko upande wa mtandao, uwaite watu wa umeme.

Kwa vyovyote, usifunge mashine ya fazi tatu mji huu bila rilei ya ulinzi: inayokata fazi moja ikikosekana, zikibadilishana, au volti ikishuka sana. Iwe na kichelewesho cha dakika tano. Kuranti ikikatwa na kurudi papo hapo, kompresa inajaribu kuanza huku presha ya gesi bado haijasawazika, na hapo ndipo inakufa. Rilei ni bei ndogo sana ukiilinganisha na kompresa.

Hatua ya 4. Gesi

R-22, gesi ya zamani ya kupoza, achana nayo, hata mashine iwe nzuri namna gani. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea, yetu ikiwemo, zinapaswa kuwa zimeiacha ifikapo 2030, ikibaki sehemu ndogo kwa matengenezo. Chagua R-410A au R-32. R-32 inaathiri hali ya hewa ya dunia karibu theluthi moja tu ya R-410A, lakini inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo fundi awe na vifaa vyake na asichomelee bomba kabla ya kulisafisha kwa nitrojeni.

Hatua ya 5. Mahali pa kuiweka

Mashine ya tani 5 ina uzito wa kilo 200 na zaidi. Mbao za paa la mabati hazikujengwa kwa hilo. Mimi napenda kuiweka chini, juu ya zege, na kuchagua aina inayotoa hewa ubavuni. Acha mita moja pande za koili, na juu ya feni usiweke kitu. Jengee kizimba cha nondo kwa sababu ya wezi wa shaba, lakini kiwe wazi ili hewa ipite.

Bomba la maji ya koili lipinde kama herufi U kabla ya kumwaga. Feni inavuta hewa, na bila pindo lile lenye maji inayazuia yasitoke. Yanajaa kwenye sinia na kumwagikia ndani ya mfereji.

Hatua ya 6. Lipia mlango wa hewa ya nje

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane asubuhi zetu ni baridi. Kuna mashine zenye mlango unaofunguka wenyewe: nje kukiwa na baridi kuliko ndani, kompresa inalala na feni pekee inaleta hewa ya nje. Kwa mji wa pwani ningesema usipoteze pesa. Kwa Lubumbashi nasema lipia. Ila ndio wakati wa vumbi jekundu, hivyo osha filta kila wiki mbili, na koili ya nje kabla ya mwezi wa tisa.

Maswali ya wanachama

*Swali, kutoka Katuba:* Papa fundi, aksanti kwa somo. Niko na saluni ya mita 40 hivi, kuranti yangu ni fazi moja. Nichukue tani 3?

*Jibu:* Mama, usichukue klima ya sanduku moja kabisa. Kwa fazi moja na chumba kama hicho, klima mbili ndogo za ukutani zitakutumikia vizuri zaidi, na moja ikiharibika wateja bado wanakaa. Hesabu mashine za kukausha nywele: moja inatoa wati 1,500 hadi 2,000, kama watu 12 walioketi. Weka feni ya kutoa hewa juu yake.

*Swali:* Mukubwa, nimepata mashine iliyotumika kutoka Marekani, bei nusu. Kibati kinasema 208-230, fazi 3, hezi 60. Transfoma haitoshi?

*Jibu:* Ndugu yangu, transfoma inabadilisha volti, hezi inaziacha palepale. Kwa hezi 50 mota zinazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, hewa inapungua, ubaridi unapungua, na volti lazima nazo zishushwe kwa kiasi hicho, la sivyo mota inachemka. Ukijumlisha transfoma, ile nusu ya bei imekwisha. Iliyotumika ya Afrika Kusini ni afadhali, kwao ni hezi 50 kama sisi.

*Swali, kutoka Kipushi:* Jenereta yetu ni kVA 10. Klima ya tani 5 si inakula kama kilowati 5.6 tu?

*Jibu:* Ikishawaka, ndiyo, kama ampea 10 kila fazi. Lakini sekunde ya kuanza kompresa inavuta mara tano hadi saba. Kwa kVA 10 taa zitazimika na kompresa itanguruma bila kuzunguka. Tafuta kVA 20, au chukua klima ya inveta inayoanza pole pole, hapo hata jenereta ndogo kidogo inavumilia.

*Swali:* Fundi wangu anasema ile yangu ya zamani ya R-22 anaweza kuijaza R-410A. Nimkubalie?

*Jibu:* Hapana, kaka. Presha ya R-410A inazidi ya R-22 kwa asilimia 60 hivi. Koili na kompresa yako havikutengenezwa kwa hiyo, vinaweza kupasuka mtu akiwa pembeni. Na mafuta yake ni mengine.

*Swali:* Sisi ni zahanati, vyumba vitatu vya kuonea wagonjwa na baraza la kungojea. Mashine moja ya tani 5 inaweza kuhudumia vyote?

*Jibu:* Kwa ubaridi, inaweza. Lakini mashine hii inavuta hewa ya vyumba vyote, inaichanganya na kuirudisha. Mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa barazani, hewa yake inafika chumba cha mama mwenye mtoto mchanga. Filta ya kawaida haizuii. Baraza liache wazi, madirisha pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, na usiliunganishe na mfereji wa kurudisha hewa hata kidogo. Vyumba vya kuonea wagonjwa vipe klima ndogo kila kimoja, na feni ya kutoa hewa nje iliyo upande wa mgonjwa, daktari akae upande hewa safi inakoingilia. Nitumie mchoro wa jengo kabla hamjanunua chochote, nitauangalia bila malipo.