Daifuku kwa jiko la Tanga: unga wa kunata, kunde kavu

Daifuku ni kitonge cha Kijapani chenye ganda laini la mchele wa kunata, na ndani yake kunde tamu zilizopondwa. Ganda huitwa mochi, cha ndani huitwa anko. Aliyezoea kusonga halua hatapata tabu na mkono. Tabu huanzia dukani, pale mtu anaporudi na unga wa vitumbua.

Unga huo haufai. Mchele wa kawaida, hata uwe mpya wa Mombo, una amilosi, aina ya wanga inayofanya wali uchambuke. Mchele wa mochi karibu hauna amilosi, ndiyo maana ukiiva unavutika. Usijaribu hata kuchanganya nusu kwa nusu, ganda litakatika. Tafuta pakiti iliyoandikwa mochiko au shiratamako, au unga wa mchele wa kunata kutoka Thailand. Una shaka? Koroga kijiko kimoja cha unga na viwili vya maji kwenye kikaango, moto mdogo. Ukigeuka wa kung'aa na kuvutika kama ulimbo, ndio wenyewe. Ukibaki mweupe na kukatika kama uji mzito, upikie vitumbua.

Kwa vitonge 8:
- unga wa mochi gramu 100, sukari gramu 50, maji mililita 150
- kunde nyekundu ndogo gramu 120, sukari gramu 90, chumvi chembe
- konfulawa ya kunyunyizia, kama gramu 50

Wajapani hutumia azuki. Azuki, kunde na choroko zote ni za jenasi moja, Vigna, kwa hiyo kunde nyekundu za sokoni Mgandini zinakaribia sana. Maharage yana ganda gumu zaidi. Ukiyatumia, yapitishe kwenye chekeche baada ya kuyaponda.

Chemsha kunde dakika 5, mwaga maji hayo pamoja na ukakasi wake, weka mapya. Pika kwa moto mdogo, saa moja au zaidi, mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili bila kukaza. Sukari isitangulie: ikiingia kabla kunde hazijalainika, hazitalainika tena. Magadi nayo yaache, yanaharibu ladha. Chuja, ponda, rudisha jikoni, tia sukari kwa awamu mbili, na chumvi mwishoni. Sukari itatoa maji mengi, usishtuke. Endelea kukoroga mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria uache njia isiyojifunga haraka. Hapo epua, kwani anko huzidi kukaza ikipoa. Itandaze kwenye sahani, ikipoa viringa vidonge 8 vya gramu 25 hadi 30, viweke friji nusu saa. Anko ya majimaji hupasua ganda kwa chini, na hapo hakuna kiraka kinachoshika. Ikikauka mno, ikande na kijiko kimoja cha maji moto.

Sasa ganda. Changanya unga na sukari, mimina maji kidogo kidogo mpaka mabonge yaishe. Waweza kusonga moja kwa moja kwenye sufuria, lakini jiko la mkaa halipunguziki moto upesi na mochi huungua kufumba na kufumbua, hivyo mvuke ni salama zaidi. Weka bakuli juu ya maji yanayochemka, funga mfuniko kwa kitambaa ili matone yasidondokee ndani, pika dakika 20, ukikoroga mara moja katikati. Imeiva weupe wa unga ukipotea kabisa. Isonge dakika 2 kwa mwiko uliolowa.

Imwage kwenye sinia lenye konfulawa uliyoikaanga kavu kidogo. Zima feni, upepo hukausha ganda. Kata vipande 8 ingali moto wa kuvumilika, kwani ikipoa kingo hazishikani. Tandaza kila kipande kama sentimita 8, katikati pawe panene kuliko pembeni. Pangusa unga upande wa ndani, la sivyo utabana mpaka uchoke na bado pataachia. Weka anko, kusanya kingo, bana, geuza mshono chini.

Daifuku huliwa siku hiyohiyo. Kwenye friji ganda hugeuka gumu baada ya saa chache, na mezani, kwa joto la Tanga, anko huchacha. Vya kubaki vifunge kimoja kimoja kwenye nailoni, vigandishe kwenye friza, kisha vitoe saa moja kabla ya kuliwa.

Mochi haivunjiki mdomoni kama kitumbua. Japani watu hupaliwa nayo kila mwaka mpya, hasa wazee. Bibi na wajukuu wadogo wakatie vipande vidogo, na wasile wakiwa wamelala.