Ukipiga picha mahali pa asili palipojitenga, taja mkoa, usitaje sehemu yenyewe

Nimejifunza hili safarini na sasa nalifanya kila mara: kabla ya kupiga picha porini au kwenye ufuo mtulivu, zima ruhusa ya mahali kwenye kamera ya simu, na ukiichapisha, andika jina la mkoa au nchi tu. Simu huhifadhi ndani ya picha vipimo vya mahali uliposimama, mara nyingi kwa tofauti ya hatua chache tu. Programu nyingi za mitandao huviondoa, lakini ukituma picha kama faili kamili vinabaki. Kwa faru, taarifa hiyo inaweza kumfikia jangili. Kwa ufuo, umati ndio unaoua: Maya Bay ya Thailand ilifungwa mwaka 2018 matumbawe yakiwa yameharibika vibaya, ikafunguliwa tena 2022 kwa masharti, watu wakizuiwa kuogelea. Na huko California mwaka 2019, wapiga picha walifurika mji wa Lake Elsinore hadi maua ya porini waliyoyafuata yakakanyagwa.

Mbinu hii haisaidii pale mlima au jengo linalojulikana likionekana nyuma. Kata sehemu hiyo ya picha, au usiichapishe. Haisaidii pia mahali palipokwisha kujaa wageni. Hapo afadhali uende msimu usio na watu. Lakini usimfiche mwenyeji anayeishi kwa wageni. Muulize kwanza, na akikubali mtaje yeye na kazi yake. Kiota cha ndege kibaki bila jina la mahali.