Kumwandikia Mteja Aliye Mbali

Mfanyabiashara wa Mbeya anayemuuzia mteja wa Dar es Salaam mchele wa Kyela huonana naye mara chache, kwa hiyo ujumbe wake ndio duka lenyewe. Anza kwa salamu fupi, kisha taja kiasi, bei ya kilo na siku ya kupakia. Usiandike "gunia" bila kutaja uzito wake, kwa maana lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na gunia la kilo 100 si kitu kimoja, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, ugomvi mwingi huanzia. Lori likikwama njiani kwenye mlima wa Kitonga, mwarifu mteja kabla hajauliza. Mzigo ukishapokelewa, mwandikie tena kuuliza hali yake, hata kama huna kipya cha kumuuzia.