Kuuza gari la rali lililotumika na spea zake ukiwa Tabora

Anayeuza gari la rali akiwa Tabora ana tatizo ambalo mwenzake wa Arusha au Dar es Salaam hana: wanunuzi wengi wako mbali, na hakuna atakayekubali kushinda barabarani au kulala kwenye treni ya reli ya kati kwa sababu ya picha tatu zilizopigwa jioni chini ya mwembe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kuuza hufanyika kabla ya tangazo, na lengo lake ni kumpa mtu aliye mbali ushahidi ambao akifika ataukuta vilevile. Hatua hizi nimezipanga nikiwa na Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution akilini, ingawa mwenye gari lingine anaweza kuzifuata bila shida.

Hatua ya 1: Nyoosha karatasi

Gari la rali husafiri pia kwenye barabara za kawaida kutoka sehemu moja ya mashindano hadi nyingine, na ndiyo maana lina namba za usajili na kadi kama gari jingine lolote. Tofauti ni kwamba hubadilishwa injini mara nyingi, na pengine hata bodi nzima baada ya kupinduka, ilhali kadi inaendelea kubeba namba za zamani. Linganisha namba za injini na chesisi zilizoandikwa kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Kwa Impreza, ya chesisi utaikuta kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Ikiwa injini imebadilishwa, peleka taarifa kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) pamoja na risiti ya injini iliyopo sasa, na ufanye hivyo kabla ya kutangaza, si mnunuzi akiwa ameshafika na fedha yake. Ikiwa ni chesisi isiyolingana, simamisha mauzo mpaka uwe na maandishi yanayoonyesha bodi hiyo ilitoka wapi.

Gari lililoingia nchini kwa kibali cha muda, iwe kupitia Manyovu au mpaka mwingine, haliuzwi hapa kabla ya kulipiwa ushuru wa forodha, hata kama limekaa uani kwako kwa miaka.

Hatua ya 2: Pima, andika, piga picha

Hapa usiharakishe. Anza na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Pasha injini mpaka ifikie joto lake la kazi, toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, kisha mtu mmoja akanyage akselereta hadi mwisho huku akipiga stata na mwingine akisoma geji. Andika kipimo cha kila silinda. Mnunuzi mzoefu hatishwi na namba kubwa. Anachotafuta ni silinda nne zinazokaribiana, na tofauti ikizidi takribani asilimia 10 ataanza kuhesabu gharama ya oveholi. Rekodi video moja isiyokatwa, geji ikionekana na stata ikisikika.

Baada ya injini, nenda kwenye gia boksi. Mwaga oili ingali na joto, kisha uitazame nati ya kumwagia, ambayo kwa Subaru ina sumaku kwenye ncha yake. Tope laini la kijivu linaloteleza kama grisi ni uchakavu wa kawaida. Lisugue kati ya vidole: ukihisi chembe zinazokwaruza, au ukiona kipande chenye ukingo unaong'aa, jino la gia limeanza kumeguka na boksi inapaswa kufunguliwa kabla ya kuuzwa. Ipige picha nati hiyo juu ya kitambaa cheupe kabla ya kuifuta, kwa maana sumaku iliyosafishwa haimwambii mnunuzi chochote.

Keji ya usalama, yaani fremu ya mabomba inayowalinda walio ndani gari likipinduka, ikaguliwe kwenye viungo vya kuchomelea na mahali inapokutana na sakafu. Bomba lililopinda halinyooshwi, linabadilishwa. Liseme wazi kwenye tangazo.

Kisha soma lebo za vifaa vya usalama. Kiti cha kiwango cha FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) namba 8855-1999 kina uhai wa miaka 5 tangu kutengenezwa, na kile cha 8862-2009 kina miaka 10. Mikanda ya 8853/98 hudumu miaka 5, na ya 8853-2016 fuata tarehe iliyo kwenye lebo. Kiti kinaweza kuwa hakina hata mkwaruzo na bado kikakataliwa na wakaguzi siku ya mashindano, kwa hiyo piga picha ya lebo yenyewe, tarehe ikisomeka, na kilichopitwa na wakati usikiwekee bei ya kifaa halali.

Hatua ya 3: Gawanya spea

Wauzaji wengi hurundika spea zote kwenye buti na kuzitoa kama nyongeza, nami naona huko ni kutupa fedha. Vitu visivyofaa gari jingine, kama vile seti ya gia za uwiano maalumu, kontrol boksi (kompyuta ya injini) iliyoandikiwa injini hiyo na sampgadi (bamba la kukinga injini kwa chini) iliyokatwa kwa kipimo chake, viende pamoja na gari. Gia boksi ya akiba, difu, shokapu, ekseli na turbo viuzwe peke yake, kila kimoja kikiwa na namba yake ya kiwandani na historia yake. Turbo yenye kizuizi cha hewa cha milimita 32, kama ilivyotakiwa kwa magari mengi ya Kundi N, daraja la magari ya rali yasiyobadilishwa sana kutoka kiwandani, itajwe hivyo.

Rimu zinahitaji maelezo zaidi ya ukubwa. Impreza STI (toleo la kasi la Impreza) za kabla ya toleo la 2005 zina nati 5 kwenye duara la milimita 100, na za kuanzia toleo hilo zina 114.3, sawa na Lancer Evolution. Bila kipimo hicho utajibu swali lilelile usiku kucha. Tairi zilizoisha usizitangaze mbali, nauli yake inazidi thamani yake.

Hatua ya 4: Bei

Jumlisha thamani ya vipande, kisha ulinganishe na bei ya gari zima. Mara nyingi vipande vitazidi, lakini usikimbilie kufungua: injini na gia boksi zitaondoka mapema, na utabaki na bodi tupu yenye keji ambayo haina mteja.

Hatua ya 5: Tangazo na mazungumzo

Andika kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa Mkenya na Mganda pia watalisoma, na taja mwanzoni kabisa kwamba gari liko Tabora. Weka vipimo vyote pamoja na kasoro zote. Anayetaka kuliendesha afanye majaribio akiwa na leseni, bima ikiwa hai, wewe ukiwa kiti cha pembeni.

Hatua ya 6: Malipo na makabidhiano

Mkataba utiwe saini mbele ya wakili, ukiwa na namba za mlipakodi (TIN) za pande zote mbili na orodha ya kila spea inayoondoka. Fedha ipite benki, na uithibitishe kwa kuangalia salio la akaunti yako, si kwa ujumbe wa simu ulioonyeshwa na mnunuzi. Ada ya uhamisho na ushuru wa stempu mkubaliane nani atalipa kabla ya kusaini, kisha uhamisho ufanyike TRA gari likiwa bado kwako.

Gari lipakiwe kwenye tela, lisiendeshwe hadi Dar es Salaam. Gia boksi inayotumwa kwa basi imwagwe oili yote na kuzibwa matundu, la sivyo kondakta ataishusha Nzega mzigo wa mtu mwingine ukishalowa. Nywila ya kontrol boksi mpe mnunuzi kwa maandishi siku hiyohiyo, pamoja na nakala ya programu yake, na orodha ya spea iliyotiwa saini ibaki kwako pamoja na risiti ya TRA.