Somo: Mgongo unaouma miezi na miezi, namna ya kuurudisha kwenye mwendo

Wakuu, naulizwa lile lile kila mara: "Kiuno kinaniuma mwaka wa pili, nifanye zoezi gani?" Naliandika hapa lote, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Kazi yangu ni tiba ya mwendo.

Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Kufikia hapo, mara nyingi palipoumia pameshapona, ila mishipa ya fahamu imebaki na hofu, kama kengele ya wezi inayolia hata paka akipita. Unaumwa kweli, hujitungii. Lakini ukali wa maumivu hauonyeshi mgongo umeharibika kiasi gani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2015 ulikuta, kwenye picha za ndani ya mgongo zinazopigwa hospitali, diski (vile vibonge laini vilivyo kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80, na hao wote hawakuwa na maumivu ya mgongo.

1. Ondoa hatari kwanza. Homa, kukonda bila sababu, kuanguka vibaya, historia ya saratani, mguu unaozidi kuishiwa nguvu: muone daktari kabla ya zoezi lolote. Ganzi sehemu za siri na makalioni, au mkojo na choo kukataa kutoka au kujitokea, ni dharura. Nenda saa hiyo hiyo.

2. Chagua jambo moja unaloliogopa. Mfano, kuinama kufunga viatu.

3. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni. Ingiza kiganja chini ya kiuno. Ukivuta pumzi, acha kiuno kiinuke kidogo. Ukitoa, kishuke kikiegemee kiganja. Polepole. Ukijikuta umeuma meno au umebana pumzi, punguza ukubwa wa mwendo.

4. Kipimo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma mara mbili. Idadi yako ipangwe na siku mbaya. Kama siku mbaya unafika mara 10 ndipo maumivu yapande, anza na 6. Utaamka siku moja mwepesi kabisa, utataka kufanya 40, ufue, uhamishe na kabati. Usifanye! Kesho yake utalala kitandani, ubongo utajifunza tena kwamba mwendo ni hatari, na wiki nzima itakuwa imepotea. Siku nzuri fanya 6, siku mbaya fanya 6. Ongeza kidogo baada ya wiki. Katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yakipanda 2 juu ya kawaida yako na kutulia kufikia asubuhi, endelea. Yasipotulia, punguza idadi, lakini usiache.

5. Sogea kuelekea lile unaloliogopa. Ukiwa umekaa kitini, telezesha mikono toka mapajani hadi magotini; ikizoeleka, hadi vifundoni. Baadaye fanya umesimama, kisha okota kitu chepesi.

6. Tembea kila siku.

MASWALI

Nimefanya siku mbili sioni kitu. Hakuna kidonge?
Rudi namba 4. Jipe wiki 6 hadi 12.

Mguu umeanza kulegea, kidole gumba hakiinuki. Nianze na ngapi?
Sifuri. Namba 1 imeandikwa kwa ajili yako. Daktari, leo.

Daktari kasema diski imetokeza, wewe unasema picha hazina maana?
Sijaandika hivyo, mkuu. Picha ina kazi yake, hasa kukiwa na dalili za namba 1. Nilichosema ni kwamba diski kuonekana kwenye picha haitoshi kuthibitisha ndiyo inayouma. Tena diski nyingi zilizotokeza hupungua zenyewe kadiri muda unavyokwenda.

Nikifanya huku mwanangu ananipigia hadithi siumwi. Nikifanya kimya, nausikilizia mgongo, unauma. Ni kawaida?
Dada, umeona jambo kubwa. Tangu watafiti wa maumivu Melzack na Wall walipotoa nadharia yao ya lango mwaka 1965, inafahamika kwamba uti wa mgongo huchuja taarifa zinazopanda, na ubongo nao hutuma amri za kuzipunguza au kuzikuza. Hofu na kujichunguza hukuza, utulivu hupunguza. Kwa hiyo anza na hadithi za mwanao. Baada ya wiki chache fanya nusu ukiwa naye na nusu kimya, hadi kimya chenyewe kisikutishe. Utuambie inavyokwenda.

Na usingizi? Nalala vibaya halafu asubuhi nimekakamaa.
Usingizi mbovu huongeza maumivu, ushughulikie pia. Lala ubavu, mto katikati ya magoti.

Nyongeza kwa hilo: mimi asubuhi siinuki moja kwa moja. Nageukia ubavu, nashusha miguu, nasukuma kwa mkono.
Safi sana kwa siku za mwanzo. Ukishapata nafuu, jaribu pia kuinuka kawaida, mgongo usije ukazoea njia hiyo moja tu.